Mwezi Ukivunjika, Nani Atatushika?

Vijana wa kipaimara huuliza maswali ambayo wazee wa kanisa wameshaacha kuyauliza. Moja kati ya hayo, ambalo tumelisikia zaidi ya mara moja katika sharika tulizotumikia, ni hili: kama mwezi ungepasuliwa vipande vipande, je, sisi huku duniani tungepona? Na kama tusingepona, ahadi za Mungu zingekuwa wapi? Ni rahisi kulicheka swali hilo na kurudi kwenye somo la siku. Lakini ndani yake kuna swali ambalo kila Mkristo huliuliza siku moja, ingawa kwa maneno mengine: kile kinachonishikilia kikiondolewa, je, Mungu naye ameondoka?

Ili tulijibu vema, tuanze na mwezi wenyewe. Si vizuri kuhubiri juu ya kazi ya mikono ya Mungu bila kwanza kuitazama.

Kazi inayofanyika kimya kimya

Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400 kutoka duniani. Kipenyo chake ni kilomita 3,474, yaani zaidi kidogo ya robo ya kipenyo cha dunia. Hauna mwanga wake wenyewe. Mbalamwezi tunayoifurahia ni mwanga wa jua uliorudishwa kwetu. Hata hivyo umefungamana na maisha yetu kuliko tunavyodhani.

Wanaolijua hilo kuliko wengine ni watu wa pwani. Kuanzia Tanga hadi Mtwara, na ng'ambo Unguja na Pemba, mvuvi hapangi siku yake kwa saa ya ukutani peke yake, bali kwa maji kujaa na maji kupwa. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, mvuto wa jua na wa mwezi huungana, na bamvua huja. Maji hupanda na kushuka kwa takribani mita 3 hadi 4. Hapo ndipo akina mama wa Paje na Jambiani wanapoweza kutembea mbali baharini kufunga na kuvuna mwani, na wengine kutafuta pweza kwenye miamba. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo hupingana, na huwa maji mafu. Kaa, samaki wadogo na mikoko yenyewe huishi kwa kufuata mwendo huo.

Katika Ziwa Victoria hakuna bamvua, lakini mvuvi wa dagaa naye huutazama mwezi. Yeye huvua kwa taa usiku wa giza, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, taa zake hazina nguvu tena, na mitumbwi mingi hupumzika.

Hata usalama wetu umeguswa. Mwaka 2011 watafiti waliokuwa pamoja na Craig Packer, mtaalamu wa simba, walichapisha uchunguzi wao juu ya mashambulio ya simba dhidi ya wanavijiji wa kusini mwa Tanzania kati ya mwaka 1988 na 2009. Waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo wa usiku, kabla mwezi haujachomoza. Usiku wa mwanga simba hupata shida kuwinda. Giza linaporudi, huwa na njaa. Mkulima aliyekuwa akilinda shamba lake dhidi ya nguruwe-mwitu alikuwa akilindwa na mwezi bila yeye kujua.

Tena iko kazi nyingine, kubwa kuliko hizo, ambayo hakuna jicho linaloiona. Mhimili wa dunia umeinama kwa takribani digrii 23.5, na kuinama huko ndiko kunakoleta majira ya mwaka. Mvuto wa mwezi husaidia kuutuliza mhimili huo usiyumbe sana. Mwaka 1993 mwanafalaki Mfaransa Jacques Laskar na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba bila mwezi mhimili ungeweza kuyumba toka karibu digrii 0 hadi karibu 85. Wataalamu wengine, mwaka 2012, walipiga hesabu upya wakaona kwamba kuyumba huko kungeweza kuwa kudogo zaidi na kwa polepole sana. Lakini wote wanakubaliana kwamba mwezi huituliza dunia. Masika na vuli tunazozitegemea zimetulia kiasi hiki kwa sehemu kwa sababu kuna gimba la mawe huko juu linalofanya kazi bila kuomba shukrani.

Kama ungevunjika

Sasa tulijibu swali la vijana. Kama mwezi ungepasuliwa kwa nguvu, vipande vingi vingeweza kuanguka duniani. Vikubwa vingetosha kuchoma misitu na kuchemsha bahari mahali vilipoangukia, na vumbi na moto wake vingeua viumbe wengi. Vingine vingebaki vikiizunguka dunia kama pete, mfano wa zile za sayari ya Zohali. Katika hali hiyo hatuwezi kuahidi kwamba wanadamu wangepona.

Kama, kwa upande mwingine, mwezi ungetoweka tu bila vipande kuanguka, kesho yake tungeamka na kwenda shambani kama kawaida. Lakini bahari ingevutwa na jua peke yake, na maji yangepanda kiasi cha theluthi tu ya bamvua la leo, kila siku kwa saa zilezile. Kusingekuwa na bamvua wala maji mafu. Sehemu kubwa ya ufukwe inayofunikwa na kufunuliwa sasa isingefunikwa tena, na viumbe waliozoea kuishi hapo wangekufa. Usiku wote ungekuwa wa giza. Ndugu zetu Waislamu wasingekuwa na mwandamo wa kuanzia Ramadhani, na hata lugha yetu ingepungukiwa, maana kwa Kiswahili tunahesabu mshahara, ujauzito na ada ya shule kwa jina la gimba hilohilo: mwezi. Mabadiliko ya mhimili na majira yangekuja baadaye, kwa muda mrefu kuliko historia yote ya wanadamu.

Je, sisi wanadamu twaweza kuuvunja? Bomu lenye nguvu kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa, lile la Urusi ya Kisovieti la tarehe 30 Oktoba 1961, lilikuwa na nguvu ya takribani megatani 50. Kuupasua mwezi na kuvitawanya vipande vyake visirudiane kungehitaji mabomu ya namna hiyo zaidi ya bilioni 500. Kwa hiyo hatuwezi. Hilo lenyewe ni neema: Mungu ameweka baadhi ya vitu mbali na mikono yetu.

Lakini tusijisifu kwa kutoweza. Mwaka 1958, baada ya Warusi kurusha chombo chao cha Sputnik, Jeshi la Anga la Marekani liliagiza uchunguzi wa siri juu ya kulipua bomu la nyuklia kwenye uso wa mwezi. Uchunguzi uliongozwa na mwanafizikia Leonard Reiffel, na kijana Carl Sagan, ambaye baadaye alijulikana sana kwa vitabu vyake vya elimu ya anga, alikuwa mmoja wa washiriki. Shabaha haikuwa kuuvunja mwezi, bali kutoa mwako ambao watu wa dunia wangeuona na kuogopa. Mpango haukutekelezwa, na Reiffel mwenyewe aliueleza hadharani mwaka 2000. Mwaka 1967 mataifa yalitia sahihi mkataba wa kutumia mwezi kwa amani tu.

Angalieni, wapendwa, jinsi dhambi inavyofanya kazi. Mwezi ni wa wote. Humulika kwa mvuvi wa Kilwa, kwa mchungaji wa ng'ombe wa Umasaini na kwa mgonjwa aliyelala karibu na dirisha. Wachache walikaa chumbani wakafikiri kuutumia kama ngoma ya kutishia adui, na mvuvi wa Kilwa hakuulizwa. Yesu alifundisha kwamba Baba huwaangazia jua lake waovu na wema (Mt 5:45). Kipawa kinachotolewa kwa wote hivyo, mwanadamu hutamani kukigeuza kiwe silaha yake peke yake.

Maandiko yanasema mambo mawili

Tukiyasoma Maandiko kwa haraka, twaweza kudhani yanajipinga. Katika Zaburi 89 mwezi ni mfano wa jambo lililothibitika daima, shahidi mwaminifu wa ahadi ya Mungu kwa Daudi. Nabii Yeremia anasema kwamba Mungu aliyeziweka amri za jua, mwezi na nyota hatawaacha watu wake, kama vile amri hizo zisivyokoma (Yer 31:35-36). Lakini Zaburi 102 yasema mbingu zitachakaa kama nguo. Bwana wetu mwenyewe alitabiri siku ambayo mwezi hautatoa mwanga wake (Mt 24:29). Na Yohana aliuona mji ambao hauhitaji jua wala mwezi (Ufu 21:23). Je, mwezi ni wa kudumu au ni wa kupita?

Elimu ya leo yatusaidia kidogo hapa. Vioo vilivyoachwa mwezini na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 vimewawezesha wataalamu kupima umbali wake kwa miali ya leza. Wamegundua kwamba mwezi unajitenga nasi kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka. Ni kiasi kinachokaribiana na ukuaji wa kucha zetu. Hata bila bomu lolote, shahidi huyu mwaminifu anaondoka taratibu.

Jibu tunaloliona ni hili. Katika Zaburi 89 mwezi ni alama ya ahadi. Ahadi haikutundikwa juu ya mwezi. Fikirini pete ya ndoa. Pete ikianguka kisimani, ndoa haijafa, kwa maana ndoa iko katika neno walilopeana mume na mke mbele za Mungu. Lakini mtu akiichukua pete yake na kuitupa kwa dharau, mwenzake atajua kuna jambo. Alama si kitu chenyewe, wala si takataka. Ndivyo tunavyopaswa kuushika mwezi, na kila kiumbe kinachotusaidia: bila kuuabudu na bila kuudharau.

Israeli walilazimika kujifunza hilo kwa bidii. Uru na Harani, miji ambayo Abrahamu alipitia (Mwa 11:31), ilikuwa vituo vikubwa vya ibada ya mungu-mwezi. Ndiyo sababu Kumbukumbu la Torati 4:19 linaonya watu wasije wakainua macho, wakauona mwezi na kuusujudia. Ayubu naye, alipojitetea, alisema kwamba hata kuubusu mkono wake kwa siri kwa ajili ya uzuri wa mwezi kungekuwa kumkana Mungu (Ayu 31:26-28). Na katika Mwanzo sura ya 1 mwandishi hautaji hata kwa jina. Anauita tu mwanga mdogo. Ni mtumishi aliyepewa zamu ya usiku.

Je, ni aibu kutegemea?

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo ina busara yake kwa kijana mvivu. Lakini tukiifanya kuwa kanuni ya maisha yote, tutajikuta tunaukana uumbaji wenyewe. Hakuna kiumbe kisichotegemea cha nduguye. Mkulima wa Mbozi anategemea masika, masika inategemea kuinama kwa dunia, na kuinama huko kunategemea mwezi ambao hakuutengeneza wala hakuununua. Martin Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, anapoeleza kifungu cha kwanza cha Imani, anahesabu jua, mwezi na nyota pamoja na hewa, moto, maji na ardhi kuwa vitu ambavyo Muumba ameviweka vitutumikie. Na katika Katekisimu Ndogo anatukumbusha kwamba haya yote tunapewa kwa wema wa Baba, si kwa kustahili kwetu.

Basi kutegemea si dhambi. Dhambi ni mambo mawili: kutegemea bila kushukuru, na kutegemea kiumbe kana kwamba ndicho Mungu. La kwanza latufanya wezi, na la pili latufanya waabudu sanamu. Mara nyingi tunayafanya yote mawili kwa kitu kilekile. Hatumshukuru Mungu kwa ajili ya afya mpaka inapotutoka. Na inapotutoka, twasema Mungu hayupo.

Wale ambao mwezi wao umekwisha vunjika

Hapa ndipo swali la vijana linapoacha kuwa mchezo. Katika kila usharika kuna watu ambao kile kilichowatuliza kimekwisha ondolewa. Yuko mjane aliyezoea kumsikia mumewe akifunga mlango kila jioni. Yuko baba aliyemzika mtoto wake wa pekee. Yuko mama ambaye figo zake zimekoma kufanya kazi. Kwao mabadiliko hayakungoja miaka milioni. Yalikuja kwa siku moja, na tangu hapo siku haina saa ya maji kujaa wala ya kupwa.

Kwa watu hao wapo wanaosema, hata kutoka mimbarani, kwamba mwenye imani ya kweli hawezi kupoteza. Wapendwa, neno hilo si Injili. Mungu hakuahidi kwamba hakuna mwezi utakaovunjika. Aliahidi kwamba milima ijapoondoka, fadhili zake hazitaondoka (Isa 54:10). Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. La kwanza humwacha aliyefiwa akiwa na misiba miwili, yaani kufiwa na kuambiwa hakuamini. La pili humruhusu kulia kwa sababu alichopoteza kilikuwa kipawa cha kweli, tena humwambia kwamba Mtoaji hakupotea pamoja nacho.

Tutazame jinsi Bwana wetu mwenyewe alivyopita njia hiyo. Pasaka ya Wayahudi huangukia katikati ya mwezi wao wa Nisani, yaani wakati wa mwezi mpevu. Kwa hiyo usiku ule wa Gethsemane ulikuwa wa mwezi mkubwa. Hata hivyo waliokuja kumkamata walibeba taa na mienge (Yn 18:3). Mbalamwezi ileile iliyolinda kondoo mashambani ilimulika pia njia ya Yuda. Uumbaji haukumwokoa Mwana wa Mungu. Kesho yake, mchana, giza likawa juu ya nchi kwa saa tatu. Halikuwa kupatwa kwa jua kwa kawaida, maana jua haliwezi kupatwa wakati wa mwezi mpevu. Mianga yote miwili ya Mwanzo sura ya 1 haikumsaidia kitu, naye akalia kwamba ameachwa. Lakini Baba alikuwa hajamwacha. Asubuhi ya siku ya kwanza ya juma, Mariamu Magdalene alikwenda kaburini kungali giza bado (Yn 20:1), na jiwe lilikuwa limekwisha ondolewa. Mungu hakungoja kupambazuke ndipo atende.

Kanisa halikulisahau jambo hili. Tangu Mtaguso wa Nikea mwaka 325, Wakristo wametafuta kuiadhimisha Pasaka kwa siku moja, nasi hadi leo tunaihesabu kuwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Ndiyo sababu Pasaka huhama kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Kila mwaka mtumishi wa zamu ya usiku anatuonyesha siku ya kumshangilia Yeye asiyehitaji mwanga wa mtumishi huyo.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tujifunze kushukuru kwa kutaja. Katika sala za jioni nyumbani, wazazi na watoto wautaje mwezi, masika, kisima cha mtaa na jirani mwaminifu. Mtoto anayezoea kutaja vipawa hatashangaa sana kusikia kwamba ana Mtoaji.

Pili, tulinde vile vilivyo ndani ya uwezo wetu. Mwezi Mungu ameuweka mbali, lakini mikoko ya Rufiji, vyanzo vya maji vya milimani na miamba ya matumbawe ameviweka karibu na shoka letu na baruti yetu. Navyo hutushika kama mwezi unavyotushika: kimya, kila siku, bila malipo. Anayevua kwa baruti anafanya kwa mkono wake mdogo jambo ambalo wale wa mwaka 1958 walilifikiria tu.

Tatu, tukae na waliovunjikiwa. Tusiwaeleze kwa nini, maana hatukuambiwa. Twende na unga na kuni, tukae nao gizani, tuimbe nao ikiwa wanaweza kuimba, na tunyamaze nao ikiwa hawawezi. Mwezi hauna mwanga wake. Hupokea na kurudisha. Kanisa nalo halina mwanga wake, lakini kwa aliyekaa gizani, hata mwanga uliorudishwa watosha kumwonyesha mlango ulipo.

Na kijana wa kipaimara akiuliza tena, tumjibu kwa ukweli wote: ndiyo, mwezi ungevunjika tungeumia sana, na huenda tusingepona. Lakini hatukubatizwa kwa jina la mwezi.